Somo: Kuotesha hoya kwa vipandikizi, tangu kukata hadi chungu cha kwanza

Vipandikizi vingi vya hoya, ule mmea wa mapambo unaotambaa, havifi kwa kiu, vinaoza. Majani yake manene yana akiba ya maji, kwa hiyo kipandikizi kinaweza kukaa wiki mbili bila mzizi hata mmoja kisinyauke sana. Shida iko chini, kwenye kidonda cha kukatwa: kikikosa hewa kinalainika na kugeuka cheusi. Karibu kila hatua hapa inahusu jambo hilo: chini hewa ipite, juu unyevu ukae.

Kwao hoya ni Asia ya kusini na kusini-mashariki, kwenda chini hadi Australia na visiwa vya Pasifiki. Nyingi hutambaa juu ya miti, mizizi imeshika magome. Kwa hiyo udongo mweusi wa samadi unaopendwa na mchicha, kwake ni kaburi. Vipimo vya hapa ni vya Hoya carnosa na Hoya pubicalyx, aina zisizomdekea anayeanza. Zenye shina jembamba kama uzi, mfano linearis na bella, zina masharti yake, nitayagusa njiani.

1. Kuchagua tawi

Tafuta tawi la umri wa kati: linapindika bila kuvunjika, rangi bado kijani, halijakauka likawa kama kijiti. Ncha changa hulegea ndani ya siku mbili. Ule mkia mrefu usio na majani nao uache, hauna akiba ya kuishi nayo.

Sasa angalia kifundo. Kwenye hoya nyingi kifundo kimoja hubeba majani mawili yanayotazamana. Ukiona vipele vidogo vya kahawia au vyeupe kwenye shina, hiyo ni mizizi ya hewa imeshaanza, na tawi hilo litakuokolea wiki nzima. Kwapani mwa jani ndiko kunakokaa jicho la chipukizi. Mizizi inaweza kutoka hata katikati ya vifundo viwili, lakini chipukizi hutoka kwenye jicho tu. Asiyejua tofauti hii atamwagilia jani miaka miwili akingoja tawi.

Kikonyo kilichowahi kuchanua, hata kikiwa kitupu, usikikate. Maua ya msimu ujao hutoka palepale.

2. Kukata

Wembe mpya, au mkasi uliofutwa kwa spiriti ya asilimia 70. Kata sentimita 1 hadi 2 chini ya kifundo, kipandikizi kiwe na vifundo 2 au 3, urefu wa sentimita 10 hadi 15. Ondoa majani ya kifundo cha chini. Kwa linearis na bella weka vifundo 4 au 5, maana majani yake madogo hayana akiba kubwa.

Utomvu mweupe utatoka, kama wa papai bichi. Usuuze kwa maji mpaka ukome, na usijifute macho kabla ya kunawa. Kisha laza vipandikizi kivulini kwa muda wa saa 3 hadi 6, kidonda kikauke. Pwani wakati wa masika, hewa ikiwa nzito, acha usiku kucha. Wengi huruka hatua hii kwa haraka, halafu wanalaumu maji.

Weka alama ya upande wa juu. Ukishakata pingili tano na kuzichanganya mezani, ni rahisi kuchomeka moja kichwa chini.

3. Pa kuoteshea

Maji ni njia rahisi na unaona kinachoendelea. Tumia chupa ya shingo nyembamba, kifundo kimoja tu kizame, jani lisiguse maji. Badilisha maji kila siku 5. Yakianza kuteleza kwenye kidole, umechelewa. Kwenye joto la nyuzi 24 hadi 28 mizizi huonekana wiki ya 2 hadi ya 4. Hamisha ikifika sentimita 3 hadi 5. Mizizi ya majini ni laini na hukatika kama tambi, kwa hiyo usisubiri ijae chupa eti ipate nguvu.

Mosi ya sfagnamu (mimea laini ya kinamasi, huuzwa ikiwa imekaushwa) ndiyo ninayoipendekeza kwa aina ngumu na kwa vipandikizi vilivyochoka safarini. Loweka dakika 20, kamua kama unavyokamua nguo, mpaka ukiiminya tena lidondoke tone moja au mawili, basi. Ijaze kwenye kikombe bila kuishindilia. Tawi refu lizungushe juu ya mosi kama kamba na ulibane kwa vibanio vya nywele. Kila kifundo kinachogusa kitaota.

Njia ya tatu ni usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na hapa watu wa pwani tunadhani tuna bahati kuliko tuliyo nayo. Mchanganyiko mzuri ni sehemu 2 za usumba uliokatwakatwa, sehemu 2 za pumisi (zile kokoto nyepesi za volkano, jamii ya jiwe la kusugulia visigino), na sehemu 1 ya mkaa uliopondwa ukubwa wa punje ya mahindi. Walio Naivasha au Rungwe pumisi wanaikanyaga. Wengine watumie pelaiti, zile punje nyeupe nyepesi za dukani. Lakini usumba wa kusokotea kamba, kama wa Zanzibar, hutoka kwenye makumbi yaliyofukiwa miezi kadhaa kwenye mchanga wa bahari, na chumvi imeingia mpaka ndani. Loweka kwenye maji baridi saa 24, mwaga, rudia mara 3 au zaidi. Maji ya kwanza yatakuwa rangi ya chai ya rangi. Endelea mpaka yawe mepesi. Ukipuuza, ncha za mizizi zitaungua na kuwa kahawia kabla hazijafika sentimita moja. Maji ya kisima chenye chumvi ni tatizo hilohilo, kinga ya mvua ikinyesha.

Unga wa homoni ya mizizi? Unasaidia kidogo kwenye shina gumu, si lazima. Mdalasini hauoteshi mizizi, hukausha kidonda tu.

4. Wiki za kusubiri

Kata tako la dumu la maji la lita 5 linaloonyesha, lifunike juu ya kikombe kama kengele. Mfuniko wake uwe wa kufungua: dakika 10 kila asubuhi, hewa ibadilike. Matone machache ukutani ni sawa. Majani yakilowa muda wote, fungua zaidi.

Mwanga uwe mwingi lakini jua la mchana lisipige ndani ya dumu, litakipika kipandikizi. Dirisha la mashariki ndilo salama. Madirisha ya kusini na kaskazini huku kwetu hudanganya: kwa aliye karibu na ikweta, jua la Juni linapita kaskazini na la Desemba linapita kusini, hivyo kona iliyokuwa kivuli mwezi wa sita huenda ikaungua mwezi wa kumi na mbili.

Nairobi, Arusha na Mbeya, kati ya Juni na Agosti, ongeza wiki 3 au 4 kwenye kila muda niliotaja. Chini ya nyuzi 15 mizizi karibu inasimama, na mosi yenye maji mengi kwenye baridi ndiyo kiwanda cha kuozesha.

5. Chungu cha kwanza

Usichomoe ili uangalie. Vuta kidogo kwa vidole viwili. Kikikataa, mizizi ipo. Chungu kiwe cha sentimita 8 hadi 10 chenye matundu, pamoja na mchanganyiko uleule wa usumba. Panda vipandikizi 3 au 4 pamoja, vinginevyo utakuwa na kamba moja iliyosimama katikati ya chungu. Chungu kikubwa hubaki kimelowa chini kwa siku nyingi kuliko mizizi michache inavyoweza kunywa.

Kumwagilia fuata jani, si kalenda. Likunje taratibu kwa kidole: likigoma, halijasikia kiu; likikunjika bila ubishi, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Mbolea ingoje mpaka majani mapya mawili yafunguke, na uanze na robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Nina lile jani moja lenye umbo la moyo, nilizawadiwa Februari mwaka jana. Lina mizizi imejaa kikombe lakini halitoi tawi. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Hujakosea, umezawadiwa jani bila jicho. Hiyo ni Hoya kerrii, na jani likikatwa bila kipande cha shina chenye kifundo huota mizizi vizuri, likaishi miaka, likabaki jani. Lichimbue utazame shingo yake: kama hakuna kipande cha shina, lifurahie lilivyo. Ukitaka mmea, nunua chenye majani mawili na shina katikati.

*Chini kumekuwa cheusi na kunanuka, ila majani bado magumu. Nitupe?*

Usitupe. Kata juu ya weusi, kila ukikata futa wembe kwa spiriti, mpaka uone shina la kijani lisilo na duara la kahawia katikati. Lile duara likibaki, uozo unaendelea kupanda. Kausha kwa muda wa saa 12, kisha mosi mpya, ikamuliwe zaidi ya ile ya kwanza. Ukibaki na kifundo kimoja chenye majani mawili, kinatosha.

*Dada, mimi mizizi ipo, nimehamisha toka majini wiki mbili, majani yamejikunja kama ya mzee. Nimeongeza maji, yamezidi.*

Hiyo ni mizizi ya majini inajifunza kazi mpya. Punguza maji chunguni, rudisha dumu juu yake siku 10, halafu lifungue kidogo kidogo.

*Naongezea hapo kwenye jibu la dada: angalieni na kushindilia. Mtu akihamisha hubonyeza kwa dole gumba kama anapanda mgomba. Gonga chungu mezani mara mbili, mchanganyiko utajikalia wenyewe.*

*Imetoa kamba ndefu, kama nusu mita, haina jani hata moja. Nikate isipoteze nguvu?*

Hapana. Ndivyo hoya inavyotafuta pa kushika; majani huja baadaye kwenye vifundo vilevile. Izungushie waya. Ikikauka yenyewe kwenye ncha, ndipo ukate sehemu iliyokauka.

*Kuna vitu vyeupe kama pamba kwapani mwa majani, na sisimizi wanapanda na kushuka.*

Vidung'ata. Sisimizi wanafuata utamu wanaoutoa wadudu hao, na huwahamisha toka tawi hadi tawi, kwa hiyo shughulika nao wote. Gusa kila pamba kwa kijiti cha masikio chenye spiriti, rudia kila siku 5 mara 4, kwa sababu mayai hayafi yote kwa mara moja. Toa mmea chunguni uone kama weupe upo hata kwenye mizizi. Ukiukuta, osha mizizi na utupe mchanganyiko wote.

*Itachanua lini?*

Carnosa kutoka kwenye kipandikizi, hesabu miaka 2 hadi 3, kama mwanga upo. Kwenye kona ya sebule isiyo na dirisha itakuwa majani tu.

*Nataka kumtumia ndugu yangu vipandikizi kwa basi, Arusha hadi Mwanza. Na kama ningekuwa namtumia wa Nairobi?*

Kwa basi: zungushia mosi yenye unyevu kwenye kifundo cha chini tu, majani yawe makavu kabisa, funga kwa karatasi ya gazeti, weka kwenye boksi lenye matundu na uandike upande wa juu. Asifungue akapanda siku hiyohiyo. Avilaze kwanza kwenye sahani yenye maji kidogo kwa muda wa saa 2 au 3, akate upya sentimita moja, akaushe, ndipo aanze hatua ya 3. Kuvuka mpaka ni habari nyingine: Kenya itataka kibali cha kuingiza cha KEPHIS (shirika lao la ukaguzi wa afya ya mimea), na huku Tanzania TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) ndio wanaokagua na kutoa cheti cha afya ya mmea. Anza na kibali, kisha ndiyo ukate.