Kabla Hujafungua Mfuniko wa Rejeta

Gari lililotoka kutembea sasa hivi halifunguliwi rejeta, kile kipoozeo cha maji ya injini, hata kama unataka tu kuangalia au kuongeza maji. Naanza na hili kwa sababu ndilo linalounguza watu uso na mikono, na wanaoungua mara nyingi si wageni wa magari bali waliozoea. Mfuniko wa rejeta una springi inayoyabana maji yasipande, na mingi imetengenezwa kuhimili presha ya karibu baa 1. Kwa presha hiyo maji matupu hayachemki mpaka yafike nyuzi 120 hivi za Selsiasi, na yaliyochanganywa nusu kwa nusu na kulanti, dawa ya kupoozea injini, huweza kufika karibu 129. Ukizungusha mfuniko, presha inakatika papo hapo. Maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke kwa mkupuo na kuruka juu, na wewe umeinama juu yake. Kwa hiyo sindano ya joto ya dashibodi kukaa katikati haina maana kwamba rejeta inafungulika.

Wakati mzuri ni asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Kama huwezi kusubiri kiasi hicho, mpe saa nzima au zaidi mnyama huyu apoe, kisha uuminye kwa tahadhari mpira mnene wa juu unaoingia kwenye rejeta. Ukiwa mgumu kama tairi lililojazwa, ndani bado kuna presha. Ukiminyika kirahisi na usiwe na joto, endelea, lakini hata hapo funika mfuniko kwa kitambaa kinene, uuzungushe kidogo tu hadi kituo cha kwanza, usikilize kama kuna mlio wa kupumua, ndipo uutoe. Gari liwe mahali tambarare, hendibreki juu, ufunguo mfukoni. Ufunguo nautaja kwa sababu ya feni: kwenye magari mengi feni ya umeme huweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na haitazami kama kuna vidole, mtandio au kamba ya koti karibu yake.

Sasa chupa ya maji iliyounganishwa na rejeta. Zipo za aina mbili, na inafaa ujue yako ni ipi kabla hujaanza kumimina. Kuna chupa yenye presha: yenyewe ndiyo ina mfuniko mzito wa kusokota, na rejeta mara nyingi haina mfuniko wake. Hii husomwa moja kwa moja. Maji yakiwa kati ya alama ya chini na ya juu, injini ikiwa baridi, mambo ni sawa, na hufunguliwa kwa adabu ileile ya rejeta. Halafu kuna chupa ya akiba, ya plastiki nyepesi, yenye kifuniko cha kubonyeza tu na mpira mwembamba unaotoka shingoni mwa rejeta. Hii ndiyo inayodanganya.

Nilijifunza kwa kuaibika. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nafungua boneti, natazama chupa, naona maji yamesimama vizuri karibu na alama ya juu, nafunga na kujipongeza. Siku fundi alipofungua rejeta yenyewe, aliingiza kidole hadi kifundo cha pili bila kulowa. Injini ikipata joto, maji hutanuka na ziada inasukumwa kwenye chupa. Ikipoa, maji hayo yanatakiwa kuvutwa kurudi, kupitia vali ndogo iliyo chini ya mfuniko. Vali hiyo ikichoka, raba ya mfuniko ikikauka, au ule mpira mwembamba ukitoboka, rejeta inavuta hewa badala ya maji. Chupa inabaki imejaa kila siku huku rejeta ikizidi kukauka. Dalili iko wazi ukishaijua: maji ya chupa ambayo hayapandi wala kushuka kamwe, injini iwe ya moto au baridi, hayafanyi kazi. Kwa hiyo kwenye gari la aina hii, mara mojamoja, injini ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta yenyewe. Maji yawe shingoni, karibu kugusa mfuniko.

Geji ya dashibodi nayo isikufanye ubweteke. Kihisi chake kimetengenezwa kuzama ndani ya maji. Maji yakiisha, kinabaki kinapima hewa, na sindano inaweza kushuka wakati injini inaungua. Ukiona sindano imepanda kisha ikaanguka ghafla, usishukuru. Simama pembeni, zima. Hita inayopuliza hewa baridi ilhali injini imeshapata joto ni habari ileile kwa njia nyingine: maji yamepungua au kuna hewa iliyonasa ndani.

Kuhusu kulanti ya kuongeza, rangi isikuongoze. Zamani kijani ilimaanisha kitu kimoja. Siku hizi kila mtengenezaji anatia rangi anayotaka, na kulanti mbili za waridi zinaweza kuwa na kemia tofauti kabisa za kuzuia kutu. Zikichanganywa zisizopatana, zinapotezeana nguvu, na mchanganyiko mwingine hufanya uji mzito unaoziba mirija myembamba ya rejeta na hita. Kinachoongoza ni kitabu cha gari, kinachotaja aina au namba ya kiwango, na maandishi yaliyo mgongoni mwa dumu. Soma pia kama ni ya kumimina moja kwa moja au ni kali ya kuchanganya. Iliyokwisha kuchanganywa ukiizidishia maji unaidhoofisha. Iliyo kali changanya kwenye chombo safi kwanza, sehemu moja kwa sehemu moja, kwa maji yaliyotoneshwa, kwa kuwa ya bomba yanaweza kuja na chumvichumvi zinazoganda kwenye kuta za ndani.

Wapo wanaomimina ile kali peke yake wakidhani wanalipa gari heshima. Hesabu inakataa. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauanzi kuganda mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Ile kali yenyewe, bila maji, huganda karibu nyuzi 13 chini ya sifuri. Tena maji ndiyo hodari wa kubeba joto. Kulanti ikizidi, injini inapoa kwa shida. Upande wa pili wapo wanaosema huku kwetu hakugandi, kwa hiyo maji matupu yanatosha. Barafu ni sehemu moja tu ya kazi ya kulanti. Nyingine ni kupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu isile alumini ya silinda hedi (kichwa cha injini), rejeta na wota pampu. Maji ya bomba ya rangi ya kutu unayoyaona kwenye rejeta ya gari la zamani yalikuwa chuma cha injini hiyohiyo.

Andaa faneli safi ambayo haijawahi kupitisha oili, tochi, glavu, na maji ya kusafishia kitakachomwagika. Hili la mwisho si unadhifu tu. Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu. Mtoto ataionja, mbwa na paka watairamba hadi iishe, na kiasi kidogo kinatosha kuwaua. Kilichomwagika kifutwe na kuoshwa, kilichobaki kifungwe na kuwekwa juu, wala usihifadhi kwenye chupa iliyokuwa ya kinywaji. Kulanti chafu iliyotolewa haimwagwi mtaroni. Ipeleke gereji inayokusanya.

Magari ya mseto wa petroli na umeme yanaweza kuwa na chupa mbili, moja ya injini na nyingine ya kupooza vifaa vya umeme. Hakikisha unamimina panapostahili.

Kabla dumu halijafunguliwa kuna swali moja: yaliyokuwemo yamekwenda wapi? Mfumo huu umefungwa. Kwenye chupa ya akiba maji kidogo huweza kupotea kwa mvuke katika miezi mingi, lakini gari linalodai kuongezwa kila baada ya wiki chache linavuja, basi. Chungulia chini asubuhi. Matone yasiyo na rangi wala harufu upande wa abiria, baada ya kutumia kiyoyozi, ni maji ya kiyoyozi tu, yasikusumbue. Yenye rangi, utelezi na harufu tamu ni kulanti. Angalia viungo vya mipira kwa magamba meupe au ya kijani yaliyokauka, pembeni mwa wota pampu, na zulia la ndani karibu na miguu: likilowa na kioo cha mbele kikipata ukungu wa mafuta, hita ndiyo inayovuja. Mwisho vuta kijiti cha oili. Oili ikiwa ya rangi ya krimu na yenye povu, au bomba la moshi likitoa moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikiwa ya moto, gasketi (kizibo cha maungio) ya silinda hedi inatiliwa shaka, na hapo kuongeza maji ni kuahirisha gharama huku ikikua. Utando wa krimu chini ya mfuniko wa oili pekee, kwenye gari la safari fupifupi katika baridi, unaweza kuwa unyevu tu. Kijiti ndicho shahidi mzuri zaidi.

Kumimina kwenyewe ni kufupi. Polepole, ili hewa itoke, hadi alama ya juu na si zaidi, mfuniko ukazwe mpaka mwisho. Kama maji yalikuwa yamepungua sana, washa injini na hita kwa joto la mwisho, subiri feni izunguke, zima, acha ipoe, kisha tazama tena. Ikitokea umechemshia njiani na huna ila maji ya kunywa, yatumie, lakini injini ikishapoa: maji baridi ndani ya chuma cha moto yanaweza kupasua silinda hedi au bloku. Ukifika, uwiano wa kulanti urekebishwe.

Mimi hubandika kipande cha utepe kwenye chupa, nikachora mstari maji yalipoishia na kuandika tarehe. Wiki ikipita natazama asubuhi, mahali palepale tambarare. Mstari ukiwa umeachwa juu, dumu linarudi kabatini na gari linakwenda kwa fundi.