Somo: Wavu au ukungu? Jua kwanza miwani yako ya VR inaumwa nini

Juzi nilimvisha shangazi miwani ya VR, ile yenye skrini ndani inayokufanya ujione uko ndani ya picha, hapa nyumbani Ngamiani, Tanga, aone video ya nyuzi 360, yaani ya pande zote, niliyorekodi Mapango ya Amboni. Akageuza shingo kushoto, kulia, kisha: "Mwanangu, mbona pango nalitazama kupitia wavu wa dirisha?" Kimya kidogo. "Na huu ukungu je?"

Bila kujua, alitaja maradhi mawili tofauti. Wavu ni mapengo meusi kati ya pikseli na pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Skrini iko karibu na jicho na lenzi inaikuza, kwa hiyo mapengo nayo yanakuzwa. Ukungu una wazazi wengi, na baadhi yao wanatibika bila shilingi. Tuanze na hao.

Hatua ya 1. Usipimie kwa video. Fungua menyu ya miwani yenyewe usome maandishi madogo ya katikati. Yakisomeka vizuri, miwani haina kosa. Ruka hadi hatua ya 5.

Hatua ya 2. Futa lenzi. Huku pwani jasho na chumvi haviishi. Tumia kitambaa kikavu cha kufutia miwani, anzia katikati ukizunguka kwenda ukingoni. Spiriti weka mbali. Pindo la kanga pia, maana likiwa na chembe moja tu ya mchanga umeshachora lenzi.

Hatua ya 3. Ishike miwani usoni, ipandishe na kuishusha taratibu mpaka maandishi yakae sawa, ndipo ukaze kamba. Lenzi zenye miduara midogo midogo, kama za miwani ya Quest 2, zina eneo dogo la kuona vizuri, na ukitoka hapo kidogo tu herufi zinavimba. Kamba ya nyuma ishuke chini ya kisogo. Ya shangazi ilikuwa inateleza juu ya mtandio. Tulipoirekebisha, nusu ya ukungu ikaondoka.

Hatua ya 4. Pima umbali kati ya mboni zako. Mtu akuwekee rula usoni huku ukitazama mbali. Lenzi za Quest 2 zina nafasi tatu: milimita 58, 63 na 68. Chagua iliyo karibu na kipimo chako. Kwa miwani ya familia, nafasi hiyo hubadilishwa kila miwani inapobadilisha kichwa, na hili ndilo watu husahau.

Hatua ya 5. Sasa hesabu. Jicho lenye afya huweza kutofautisha takriban pikseli 60 katika kila nyuzi moja ya upeo, yaani eneo unaloliona mbele yako. Miwani ya Oculus Rift ya mwaka 2016 ilikuwa na pikseli 1080 kwa upana kwa kila jicho. Zigawanye kwa upeo wa nyuzi 90 hivi, unapata 12. Quest 2 ya mwaka 2020 ina 1832, yaani kama 20. Kwa hiyo hata Quest 2 bado haijaufikia uwezo wa jicho.

Lakini ifanyie video hesabu hiyohiyo. Video ya nyuzi 360 ya 4K ina pikseli 3840 kuzunguka duara zima. Gawanya kwa 360: hazifiki 11! Ya 5.7K inakupa 16, ya 8K kama 21. Amboni yangu ilikuwa ya 4K. Hata ningemvisha shangazi miwani ya bei ya pikipiki, pango lingebaki na ukungu uleule.

Tena wingi wa pikseli si kila kitu. Miwani ya PlayStation VR ya 2016 ilikuwa na pikseli 960 kwa 1080 kwa kila jicho, chache kuliko miwani ya HTC Vive ya mwaka huohuo yenye 1080 kwa 1200, ila wavu wake ulionekana kidogo zaidi. Sababu ni kwamba kila pikseli yake ilikuwa na vidoa kamili vya nyekundu, kijani na bluu. Ya Vive ilikuwa na viwili tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Pangani: Fundi, mimi natumia boksi la karatasi lenye lenzi, ndani nachomeka simu yenye skrini ya pikseli 1080 kwa 1920. Naona vidoadoa tu.

Jibu: Kaka, simu ikilala inagawanywa mara mbili, kila jicho linabaki na 960 kwa upana. Huko hakuna kamba ya kukaza itakayokusaidia. Kwa kuonjea inatosha.

Mwanachama wa Chumbageni: Baba yangu hutumia miwani ya kusomea tu. Aivae ndani?

Jibu: Kwa kawaida hapana, dada. Skrini iko karibu, lakini lenzi huifanya ionekane kama iko mita moja na zaidi mbele. Asiyeona mbali ndiye avae yake, na aangalie vioo visigusane. Mpe shikamoo yangu.

Mwanachama wa Raskazone: Yangu ina doa la njano katikati, halifutiki. Niliianika barazani ikauke jasho.

Jibu: Lenzi ziligeuka kioo cha kuwashia moto. Jua likiingia dakika chache tu linaunguza skrini, na doa hilo haliponi. Najua kwa sababu ya kwanza yangu ilikufa hivyohivyo, dirishani. Jasho lifute kwa kitambaa, ikaukie kivulini, lenzi zikitazama chini.