Kichaka chenye matawi mekundu: namna ya kukipanda na kukikata

Kwa sisi tunaoishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, majira ya baridi ni marefu na bustani hubaki tupu, theluji mtindo mmoja. Ndiyo maana kila mwenzangu mwenye uwanja namwambia apande Cornus sericea, kichaka cha asili cha huku ambacho majirani hukiita dogwudi nyekundu. Majani yakishapukutika, matawi yanakolea wekundu hadi machipuko. Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, wanakijua tangu enzi: vijiti vyake walisukia vikapu, na gamba la ndani walilichanganya na tumbaku.

Ukienda kitaluni, lichane jani polepole kwa upana. Kama ndicho, vile vipande viwili vitabaki vimeshikana kwa nyuzi nyeupe nyembamba. Cha porini hufika mita 2 hadi 3, urefu na upana. Aina ya Cardinal, iliyotoka Chuo Kikuu cha Minnesota, ina rangi kali sana. Mwenye nafasi ndogo achukue Arctic Fire, ambayo haizidi sana mita moja na nusu.

Kipe jua, maana kivulini rangi hufifia. Kinapenda maji, porini hukaa kando ya vijito, kwa hiyo lile bonde la uwanjani linalotuama mvua linakifaa kabisa. Shimo liwe na upana mara mbili ya mizizi, lakini kina kisizidi mizizi yenyewe. Rudishia udongo uleule, mwagilia, kisha tandaza vipande vya mbao bila kugusa shina. Mwaka wa kwanza usikiache kikauke. Sungura nao wanakipenda mno, basi kizungushie wavu wa kuku kabla ya theluji.

Sasa kukata, na hapa ndipo watu wanaposita. Jamani, kateni! Wekundu uko kwenye matawi machanga. Liangalie tawi changa: laini, jekundu, lina vidoa vyeupe vidogo. Tawi la miaka minne limeshakuwa la kijivu, ganda limekakamaa, na halitarudi kuwa jekundu tena. Basi kila Machi, kabla macho ya matawi, yale yanayochipua majani, hayajafunguka, ondoa theluthi moja ya matawi, yale manene na makongwe, ukiyakatia chini kabisa karibu na ardhi. Usikipunguze juu juu kama ua wa kuzungushia nyumba. Utabaki na mashina ya kijivu chini na fujo kileleni.

Ulivyokata usitupe vyote. Matawi ya mwaka jana, yenye unene wa penseli, yakate vipande vya sentimita 25. Yafunge kwenye karatasi mbichi ndani ya mfuko, uyaweke kwenye friji mpaka ardhi iyeyuke. Halafu yachomeke kwenye udongo wenye unyevu kama unavyochomeka muhogo, macho yakitazama juu, mawili tu yakibaki nje. Ukimwagilia vizuri, mengi yatashika, na jirani akiomba mche utakuwa nao.