Kutambua Vali ya EGR Iliyokwama Kabla ya Kununua Nyingine

Vali ya EGR, yaani ile inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini, hulaumiwa mara nyingi kuliko inavyoharibika. Taa ya injini ikiwaka, fundi akachomeka mashine ya kupimia na kuona msimbo wa hitilafu P0401, mwenye gari huambiwa anunue vali mpya, ilhali msimbo huo unasema tu kwamba moshi unaorudishwa kwenye injini ni mdogo kuliko unaotarajiwa. Kilichouzuia moshi huo ndicho cha kutafutwa, na kinaweza kuwa vali yenyewe, njia iliyozibwa na masizi, au amri isiyoifikia vali.

Kazi ya vali hii ni kurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi katika njia ya kuingizia hewa. Moshi huo hauna oksijeni nyingi, kwa hiyo ukichanganyika na hewa safi hupunguza joto la mwako ndani ya silinda, na kwa njia hiyo hupunguza oksidi za nitrojeni zinazotolewa nje. Katika injini ya petroli, vali hufungwa injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta. Katika injini nyingi za dizeli, kinyume chake, huwa wazi wakati huo na hufungwa unapokanyaga mafuta kwa nguvu. Tofauti hii husahauliwa sana, na ndiyo inayowafanya mafundi waliojifunzia kwenye magari ya petroli kuipima dizeli vibaya.

Kwa hiyo dalili hazifanani. Gari la petroli ambalo vali yake imekwama ikiwa wazi hutetemeka likiwa limesimama, huzimika kwenye foleni, na pengine huwaka kwa shida, lakini likishika kasi hutulia. La dizeli lenye ugonjwa huohuo, kwa mfano Hiace au Hilux yenye injini ya 1KD-FTV ya lita 3, linaweza kunguruma vizuri tu likiwa limesimama, kisha likakosa nguvu na kutoa moshi mweusi linapopanda mlima na mzigo. Vali iliyokwama ikiwa imefungwa ni ngumu zaidi kuigundua: kwenye petroli injini inaweza kugongagonga inapobeba mzigo, na kwenye dizeli dereva huenda asihisi lolote ila taa ya injini.

Anza kwa kusoma misimbo. P0401 inahusu moshi mdogo, P0402 moshi uliozidi, P0403 saketi ya kuiendesha vali, P0404 vali isiyofuata amri ipasavyo, na P0405 na P0406 ni za sensa ya mkao wa vali. Ukipata misimbo ya saketi au ya sensa, angalia kwanza waya na soketi, kwa sababu soketi iliyoingia maji au kulegea ni hitilafu ya dakika 10. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa soketi, kisha pima kwa multimita: waya mmoja wa sensa ya mkao kwa kawaida huleta volti 5, mwingine ni wa ethi, na ule wa tatu ndio unaorudisha ishara kwenye kompyuta ya gari.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwenye dizeli huhitaji mashine inayoweza kuiamuru vali ifunguke na kufunga. Injini ikiwa imepata moto, weka kwenye skrini mkao wa vali na kiasi cha hewa inayopita kwenye sensa ya hewa, kisha toa amri. Vali ikifunguka, hewa safi lazima ipungue waziwazi, kwa kuwa nafasi yake imechukuliwa na moshi. Mkao ukibadilika lakini hewa ikabaki vilevile, vali ni nzima na njia ndiyo iliyoziba, mara nyingi kwenye kipoozeo cha moshi au kwenye manifoldi ya hewa. Mkao usipobadilika kabisa na umeme upo, hapo vali imekwama. Hewa ikiwa ndogo hata vali inapoamriwa kufunga, huenda masizi yamekaa kwenye kiti chake, lakini usihukumu kabla ya kutazama chujio la hewa na sensa ya hewa yenyewe.

Kwa vali inayoendeshwa na vakyumu (mvuto wa hewa) badala ya mota ya umeme, chomoa mpira wake na uvute kwa pampu ya mkono hadi takriban kilopaskali 50. Kiwambo kizima, yaani utando wa ndani unaoivuta vali, hushikilia vakyumu hiyo bila kuvuja, isipokuwa aina chache za petroli zinazosubiri kwanza msukumo wa moshi. Ukivuta huku injini ya petroli ikinguruma taratibu, inapaswa kuyumba au kuzimika. Isipotikisika, moshi haupiti. Kwenye dizeli, vakyumu mara nyingi hutoka kwenye pampu ileile inayosaidia breki, hivyo pedali ya breki ikiwa ngumu pia, anza kwa kukagua pampu hiyo.

Vali ikithibitika kukwama, ifungue injini ikiwa baridi. Masizi makavu ni ya kawaida. Masizi yaliyolowa na rejeta inayopungua maji huashiria kipoozeo kinachovuja, na hapo kusafisha vali peke yake ni kazi bure. Safisha kwa dawa ya kabureta na brashi laini, ukiwa umevaa glavu na barakoa, bila kuitumbukiza sehemu yenye mota na sensa, na bila kuisukuma kwa bisibisi, kwa maana gia zake ndogo huvunjika upesi. Ikiwa baada ya kusafishwa bado inanata au hairudi kikamilifu kwenye kiti chake, basi sasa ndiyo ya kubadilishwa.

Rudisha vali kwa gasketi mpya, futa misimbo, na pale mtengenezaji anapotaka, ifundishe kompyuta mkao wa kufunga kwa kutumia mashine. Kisha liendeshe gari kwenye mwinuko, na ulipime tena likiwa na moto.