Kuinasa ateri kabla vena hazijang'aa: kupanga muda wa kontrasti kwenye MRI

Gadoliniamu, dawa ya kontrasti inayofanya mishipa ing'ae kwenye picha, ikidungwa mkononi hupita upande wa kulia wa moyo, ikaenda mapafuni, ikarudi moyoni, ndipo ikaingia kwenye aota, ateri kuu inayotoa damu moyoni. Sekunde chache baadaye imeshafika kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Shingoni ndiko kugumu zaidi, maana vena ya jugula huanza kung'aa sekunde 5 hadi 8 tu baada ya ateri ya karotidi. Skani nzima inategemea kuzipata sekunde hizo.

Hatua ya 1: Jua mashine inakusanya data kwa mpangilio gani

Usikimbilie namba ya kuchelewesha, yaani sekunde za kusubiri kati ya kudunga na kuanza skani, kabla ya kujua hili. Data ghafi za skani hujazwa kwenye jedwali liitwalo nafasi-k, kisha ndipo picha hutengenezwa. Kitovu cha nafasi-k ndicho kinachoamua ateri itang'aa kiasi gani. Pembezoni hubeba ukali wa kingo. Kwa hiyo unacholenga ni dawa iwe kileleni wakati kitovu kinakusanywa. Kwenye mpangilio wa mstari, kitovu hukusanywa katikati ya skani. Kwenye mpangilio wa kuanzia kitovuni, hukusanywa sekunde za mwanzo kabisa. Ukizichanganya hizi mbili, hesabu yako hukosea kwa nusu ya muda wa skani.

Hatua ya 2: Mwandae mgonjwa

Hakiki figo: eGFR (kipimo cha damu cha uwezo wa figo kuchuja) ikiwa chini ya 30, daktari wa radiolojia aamue kwanza. Weka kanula ya geji 20. Kwa shingo na upinde wa aota chagua mkono wa kulia, kwa sababu dawa nzito ikipita kwenye vena kubwa ya kushoto huacha weusi juu ya matawi ya aota. Mfundishe kubana pumzi mapema, kisha piga skani moja kabla ya dawa ili baadaye uiondoe kwenye picha.

Hatua ya 3: Dozi ya majaribio

Dunga mililita 1 au 2, isukume kwa mililita 20 za salaini (maji ya chumvi), huku ukipiga picha moja kila sekunde kwenye ateri unayoitaka. Kasi iwe ileile utakayotumia kwenye sindano kuu, tuseme mililita 2 kwa sekunde, la sivyo muda ulioupima hautakusaidia.

Kwa mpangilio wa mstari, chukua muda wa kufika kilele, ongeza nusu ya muda wa sindano kuu, toa nusu ya muda wa skani. Mfano: kilele sekunde ya 22, sindano kuu sekunde 8, skani sekunde 18. Hiyo ni 22 + 4 − 9, yaani anza skani sekunde ya 17 tangu ulipoanza kudunga. Mpangilio ukiwa wa kuanzia kitovuni, usitoe nusu ya skani: anza sekunde ya 26. Maelekezo ya pumzi yaanze sekunde kadhaa kabla.

Mwenye moyo dhaifu au aota iliyovimba dawa humchelewa sana. Kwake usikisie kamwe.

Hatua ya 4: Au ifuatilie dawa kwa macho

Hapa unadunga dozi yote na kutazama picha za papo kwa papo, halafu unaanzisha skani mwenyewe. Kwa shingo ndiyo njia ninayoipenda, ikiambatana na mpangilio wa kuanzia kitovuni. Tumboni kuna pumzi ya kubana, na maelekezo hula sekunde 4 au 5. Basi usisubiri dawa ifike kwenye ateri za figo. Ikionekana tu juu, kwenye aota ya kifuani, toa amri.

Hatua ya 5: Isome picha kabla mgonjwa hajashuka

Ukiona mistari sambamba na kingo za ateri na katikati pana giza, uliwahi: kitovu kilikusanywa dawa ikiwa bado inapanda. Vena ziking'aa, ulichelewa. Ikibidi kuegemea upande mmoja, mimi huchelewa kidogo, kwa sababu vena iliyong'aa daktari anaweza kuitenganisha na ateri kwa kuizungusha picha, lakini ateri yenye giza katikati inaweza kusomwa kama imeziba. Piga awamu ya pili, yaani skani ileile tena, mara tu ya kwanza inapoisha, hata kama ya kwanza imetoka vizuri. Haihitaji dawa zaidi, na mshipa unaojaa polepole mara nyingi huonekana humo.