Mtoko wa siku moja Dar na watoto: panga hivi

Likizo ya mwezi wa sita ikifika, nyumba nyingi za Dar hujaa watoto: wa kwetu, wa dada, na wale waliotoka mkoani waje waone jiji. Kwetu kazi ya kuwatoa ni yangu, na naipenda. Ninachoshikilia ni hiki: siku yote hupangwa kwa miguu ya mtoto mdogo kuliko wote. Akichoka yeye, mmechoka wote.

Hatua ya 1: Anza na barabara yenu, mahali patafuata

Wazazi wengi huanza na jina la mahali walipopasikia, halafu ndiyo wanatafuta namna ya kufika. Mtoto wa miaka minne akishakaa kwenye daladala saa mbili, ameimaliza siku yake kabla hajaona chochote. Tazama kwanza ni barabara gani inapita karibu na nyumbani, kisha uliza inaishia kwenye nini.

Mnaokaa Mwenge, Tegeta au Bunju, mna Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi hii. Mtoto anainama mlangoni, anaingia, anauliza moshi wa jikoni ulikuwa unatokea wapi. Kwa watoto ambao hawajaanza shule napapendelea kuliko makumbusho ya mjini, kwa sababu hapo hawaambiwi kila dakika wasiguse kioo.

Mnaokaa Kimara, Ubungo au Magomeni, mna mabasi ya Mwendokasi, ambayo tangu 2016 yanawafikisha Kivukoni bila kubadili gari. Njia hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa, kwa kuwa inakutanisha basi, panton (kivuko cha magari na watu), makumbusho na bustani katika eneo moja dogo.

Hatua ya 2: Chagua siku

Epuka masika, yaani Machi hadi Mei. Mto Msimbazi ukifurika, barabara ya Jangwani hufungwa na mabasi ya Mwendokasi husimama. Mnaweza kwenda vizuri mkashindwa kurudi. Juni hadi Agosti ni wakati mzuri: mvua ni chache na jua halichomi sana. Desemba panga mambo yote ya nje yaishe kabla ya saa sita mchana.

Kama watoto wamelilia bahari na mnaelekea Coco Beach, usitazame kalenda ya ukutani tu, tazama na mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua. Maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na kwenye miamba hubaki vidimbwi vyenye kaa na samaki wadogo, ambavyo kwa mtoto ni hazina. Jioni ya siku hizo hizo, mnamo saa kumi, maji yamejaa, mchanga umebaki kidogo na mawimbi yako karibu. Wiki ya maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: jioni ndipo maji yanapokuwa yamekupwa, ingawa si kwa mbali kama wakati wa bamvua. Wenye watoto wadogo waende asubuhi za bamvua. Wanaotaka mihogo ya kukaanga na upepo wa jioni wangoje maji mafu.

Hatua ya 3: Fedha

Gawa mafungu manne: nauli, viingilio, chakula, na akiba ya kurudi kwa gari la kukodi endapo mtoto ataumwa. Fungu la nne haliguswi hata watoto walie vipi. Kwenye makumbusho raia hulipa kidogo kuliko mgeni, na watoto chini ya hapo, kwa hiyo beba kitambulisho chako cha NIDA. Kwenye kadi ya N-Card weka salio la kivuko usiku wa kuamkia safari. Beba pia noti ndogo ndogo.

Waambie watoto mapema, nyumbani, kwamba kila mmoja atachagua kitu kimoja cha kununuliwa. Mtoto anayejua zamu yake inakuja hasumbui kwa kila puto linalopita. Ahadi hiyo itimize, hata kama atakachochagua kwako hakina maana.

Hatua ya 4: Kikapu

Maji ya kutosha, chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi. Kanga mbili: za kukalia, kufutia, kujifunikia jua, na kumbebea aliyelala. Nguo moja ya kubadili kwa kila aliye chini ya miaka mitano. Mfuko wa takataka. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, mbeleko inatosha; kwenye kivuko na ngazini kigari ni mzigo.

Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye namba za simu mbili za watu wazima wawili tofauti, kwa kuwa simu moja inaweza kuzima. Wavalishe fulana za rangi moja kama mnazo. Na kama watoto wanazidi wanne, usiende peke yako. Mtu mzima mwingine, hata binamu wa kidato cha nne, anabadilisha siku yote.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Ondokeni mapema, chai ikiwa imeshanyweka. Kivukoni mkishashuka, nendeni moja kwa moja kwenye panton ya Kigamboni. Asubuhi za kazi umati mkubwa unatoka Kigamboni kuja mjini, kwa hiyo mnaokwenda ng'ambo mnapata nafasi. Safari ni fupi, lakini mtoto ataikumbuka kuliko vyote mtakavyolipia kwa bei kubwa: meli zinaingia bandarini, magari yamepakiwa juu ya maji, jiji linasogea nyuma. Shika mkono wa kila mdogo tangu geti linapofunguliwa mpaka mmesimama pembeni. Msikae karibu na mlango wa magari, na msishuke na wimbi la kwanza la watu. Wasubirini wenye haraka wapite.

Kurudi, mnaweza kupitia soko la samaki pale Feri kama watoto ni wakubwa kidogo. Sakafu ina maji na watu wana mizigo. Wenye wadogo waliache.

Kisha Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Ni mwendo mfupi kwa mtu mzima. Wadogo wakianza kuburuta miguu, iteni gari. Ndani, msijaribu kuona kila kitu. Mimi huchagua vitatu. Kwanza, habari za Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu alilolipata mtafiti Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, la miaka takriban milioni 1.75. Pili, nyayo za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu zilizokutwa Laetoli, zenye miaka ipatayo milioni 3.6. Mwambie mtoto aweke mguu wake kando ya mguu wako sakafuni, muulize nani alikuwa mkubwa na nani mdogo kati ya waliopita pale, na walikuwa wanakwenda wapi. Mpe muda ajibu mwenyewe, usimsomee kibao. Tatu, magari ya zamani yaliyotumiwa na viongozi, maana kila kundi lina mtoto anayependa magari.

Wakianza kukimbizana kumbini, muda umekwisha. Pitieni chooni, wote, hata anayesema hana haja, kisha tokeni.

Chakula kiliwe Bustani ya Mimea, ambayo iko jirani na ina kivuli cha miti iliyopandwa tangu enzi za Wajerumani. Tandikeni kanga, wale, wawatafute tausi, na mdogo alale. Hapa msiwe na ratiba yoyote.

Hatua ya 6: Kurudi

Ondokeni saa nane, ikizidi sana saa tisa, kabla ofisi hazijatoka. Kituo cha Posta ya Zamani kitawavutia kwa ukaribu, lakini rudini mpaka Kivukoni, basi linapoanzia. Pale mnapata viti, na aliyelala anabaki amelala mpaka Kimara. Hesabu watoto kabla hamjapita getini, na uwahesabu tena mkishakaa.