Kupima namna hamira inavyojihami dhidi ya joto

Jaribio hili huonyesha kwamba seli iliyoonjeshwa joto la wastani huhimili joto kali ambalo vinginevyo lingeiua. Unahitaji hamira ya unga, sukari, kipimajoto, chupa mbili za chai, hadubini na rangi ya methilini bluu.

Hatua ya 1: Amsha hamira. Koroga kijiko cha chai cha hamira na vijiko viwili vya sukari katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu, kisha uiache kwa saa tatu au nne. Usiiruke hatua hii, kwa sababu hamira kavu imejaa trehalosi, sukari inayokinga protini na utando wa seli, na ukiipasha moto ikiwa bado katika hali hiyo hutaona tofauti yoyote ya maana. Ikianza kutoa povu, akiba hiyo imeshatumika kwa sehemu kubwa.

Hatua ya 2: Jaza mililita mbili katika kila moja ya neli tatu nyembamba. Neli A na B zikae kwenye maji ya nyuzi 25; ukiwa Dar es Salaam mwezi wa Februari usitegemee joto la chumba, bali tia vipande vya barafu kwenye besheni. Neli C iingie kwenye chupa ya chai yenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika 40.

Katika dakika hizo, mafuta ya utando hulegea na baadhi ya protini huanza kukunjuka, na seli huitikia kwa kutengeneza kwa wingi protini za mshtuko wa joto. Mojawapo, Hsp70, huzishika protini zilizokunjuka zisigandamane, ilhali nyingine, Hsp104, huzichomoa moja moja zile zilizokwisha kugandamana, kazi ambayo protini chache sana huiweza.

Hatua ya 3: Hamishia B na C kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 10, kisha uzipoze mara moja kwa maji baridi. A ibaki kwenye nyuzi 25 kwa ajili ya kulinganishia.

Hatua ya 4: Changanya tone la hamira na tone la rangi ya asilimia 0.02 kwenye slaidi, subiri dakika tano, kisha tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Seli hai huiondolea rangi hiyo ubuluu wake na kubaki nyeupe. Iliyokufa, ambayo utando wake hauzuii tena chochote, huwa buluu nzima. Hesabu seli 200 za kila neli, na uamue kabla ya kuanza utaziweka kundi gani zile za buluu hafifu. Usikawie, maana rangi yenyewe huua.

Tarajia B iwe na buluu nyingi kuliko C. Zikilingana kwa weupe, ongeza muda wa nyuzi 50; zikilingana kwa ubuluu, upunguze, au kagua kama C ilifika kweli nyuzi 37.

Katika ripoti usiandike kwamba umeziona protini za mshtuko wa joto zikifanya kazi, kwa kuwa trehalosi, ambayo nayo hukinga seli, huongezeka pia katika nyuzi 37. Ushahidi wa Hsp104 ulipatikana mwaka 1990, Yolanda Sanchez na Susan Lindquist walipoonyesha kwamba hamira iliyoondolewa jeni la protini hiyo hufa kwa wingi kwenye nyuzi 50 hata baada ya kuonjeshwa kwanza joto la wastani.